Mgongo Ulitaka Kunivunjia Ndoa, Ikinga Ikanifunza Kutembea

"Tatizo si kwamba unaumwa. Tatizo ni kwamba unaumwa kila siku."

Mume wangu aliniambia maneno hayo usiku mmoja wa Jumamosi, taa imezimwa, kila mtu kageukia upande wake. Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kwa uchovu, na jamani, heri hasira. Hasira hulala ikaisha. Uchovu unaamka nao asubuhi na unakunywa nao chai.

Mpenzi msomaji, kazi yangu ni kuhariri makala za watu wengine kuhusu mapenzi, ndoa na afya. Kila mwezi napanga kurasa za ushauri, nachagua picha za wapendanao wanaotabasamu, halafu narudi nyumbani kwangu ambako mgongo ulikuwa umeingia kati yetu kama mke mwenza. Tukialikwa harusini, mgongo. Binti yetu wa miaka minne akinyoosha mikono abebwe, mgongo. Na chumbani huko, nadhani unanielewa, mgongo ndio uliokuwa unatoa ruhusa.

Ulianza taratibu, upande wa kulia wa kiuno, baada ya miezi ya kukaa kwenye kompyuta tangu asubuhi hadi giza na kusimama kwenye daladala nikiwa na mkoba mzito begani. Nikameza dawa za maumivu. Nikachua kwa mafuta. Nikabadilisha godoro. Mwisho nikaenda hospitali moja hapa Dar es Salaam, nikapigwa picha ya MRI kwa pesa iliyokaribia kodi yetu ya nyumba ya mwezi. Daktari aliitazama kwa dakika tano hivi, akaniambia: "Diski zako zimechakaa. Kuanzia leo usiiname, usibebe kitu."

Nami nikatii. Kwa miaka miwili sikuinama wala sikubeba. Nilichuchumaa kama roboti kuokota kijiko. Nilimwambia mwanangu "Mama anaumwa" mpaka akaacha kuniomba. Na mgongo? Ulizidi.

PICHA SI MAUMIVU

Aliyenitoa gizani ni kijana mmoja, mtaalamu wa fiziotherapia, ile tiba ya mazoezi na viungo. Alisomea Moshi, KCMC, chuo ambacho kimezalisha wataalamu wengi wa fani hiyo hapa nchini. Nilimfuata kwa kusukumwa na rafiki yangu wa ofisini, moyoni nikisema huyu naye atanikanda, atanitoza, nitarudi vilevile.

Nikamwekea bahasha ya MRI mezani. Hakuifungua. Akaniuliza, "Dada, ni kitu gani unatamani kukifanya na huwezi?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote mwenye koti jeupe. Nikajibu bila kufikiri: kumbeba mwanangu.

Ndipo akafungua bahasha, akaisoma, akanieleza jambo ambalo kama ningeambiwa mapema lingeniokoa miaka miwili ya woga. Mwaka 2015 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 33 zilizohusu watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo, wakaangalia picha zao. Katika watu wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Katika watu wa miaka 80, asilimia 96. Na hao wote, nakumbusha, walikuwa wazima hawaumwi!

"Ni kama mvi," akasema. "Zipo, lakini hazilii. Picha inanionyesha jinsi mgongo ulivyo ukiwa umelala ndani ya mashine. Mimi nataka kuuona ukifanya kazi. Njoo wiki ijayo na mtu wa kushika simu."

Mtu wa kushika simu! Nikafikiria kumchukua yule rafiki yangu. Halafu nikasema hapana, nitamwomba baba watoto. Alikubali, ila usoni niliona kabisa anakuja kwa sababu ya amani tu.

KORIDO LA MITA KUMI

Hiki ndicho kinachoitwa uchambuzi wa mwendo. Kwenye maabara kubwa za ng'ambo wanakubandika vijidude vinavyong'aa kwenye maungio, unazungukwa na kamera nyingi, unakanyaga mabamba yaliyozikwa sakafuni yanayopima nguvu ya kila hatua, na kompyuta inachora mifupa yako inatembea. Vifaa hivyo ni ghali mno. Lakini mambo yanabadilika. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha kazi yao juu ya OpenCap, programu inayofanya sehemu kubwa ya hesabu hizo kwa kutumia simu mbili tu.

Sisi tulikuwa na simu moja, vipande vya plasta nyeupe, na mizani mbili za bafuni.

Alinibandika plasta kwenye kifundo cha mguu, goti, nyonga na bega. Miguu peku, suruali imekunjwa. Nikatembea korido lile kwenda na kurudi, mume wangu akinirekodi kutoka nyuma, mbele na ubavuni kwa mwendo wa polepole. Kisha nikainuka kwenye kiti bila kushika. Nikasimama kwa mguu mmoja. Nikashuka ngazi moja. Nikaokota funguo sakafuni. Mwishowe nikasimama, mguu mmoja kwenye kila mizani, macho mbele, bila kuchungulia.

Mizani ya kushoto ilisoma kilo 41. Ya kulia, kilo 27.

Mimi nilidhani nimesimama wima kabisa! Kumbe mwili ulikuwa umekwisha kuhama upande wa maumivu bila kuniaga.

Tukakaa watatu kuangalia video. Sijui kama umewahi kujiona ukitembea kutoka nyuma. Niliyemwona pale alikuwa mama wa miaka sabini. Kifua na kiuno vilikwenda pamoja kama kabati linahamishwa. Mikono haikubembea. Kila nilipokanyaga mguu wa kulia, nyonga ya kushoto ilishuka, maana misuli ya pembeni ya nyonga ya kulia ilikuwa imeacha kazi yake ya kushikilia. Na kwenye funguo, mtaalamu alirudisha video mara tatu: kabla hata sijaanza kushuka, tumbo lilikuwa limekazwa, meno yameumana, pumzi imezuiwa. Nilikuwa najiandaa kuokota funguo kama mtu anayejiandaa kupigwa.

Mume wangu hakusema kitu. Video ilipofika mwisho akaomba irudiwe. Akasema polepole, "Kumbe unashika pumzi."

"Kila mara," nikamjibu.

Kwenye gari, pale foleni ya Mwenge, akazima redio. "Mke wangu, nilidhani unakuza mambo. Nisamehe." Sikulia mbele yake. Nililia nilipofika bafuni, na si kwa uchungu.

SIMU HAIPIGI PICHA MAUMIVU

Hapa nataka niwe mkweli, maana najua wenzangu tunavyopenda teknolojia. Ukishaona video kama ile unaweza kudhani umepata jibu: nyonga imeshuka, ndiyo sababu, inyooshe, umepona. Yule kijana alinikatisha mapema. "Video haionyeshi maumivu, dada. Inaonyesha unavyoishi na maumivu. Wapo watu wanatembea upande maisha yao yote na hawaumwi. Siwezi kujua kwa kutazama tu. Lazima tujaribu."

Na hilo jaribio ndilo lililonishangaza. Alinifanya niokote funguo tena, safari hii nikitoa pumzi taratibu, tumbo limelegea, na mgongo ukiruhusiwa kukunjama. Nikaogopa. Si niliambiwa nisiiname? Nikashuka. Maumivu niliyokuwa nimeyapa sita katika kumi yakawa matatu. Hapo hapo, bila kidonge.

Anachofanya, kumbe, ni hivi: anatazama unavyofanya kitendo kinachouma, anabadilisha kitu kimoja tu, unarudia, mnaona kama maumivu yanashuka. Yakishuka, hapo ndipo pa kuanzia tiba. Yasiposhuka, anatafuta kwingine.

Kwa kuwa mhariri haamini kirahisi, nilikwenda kusoma. Utafiti mmoja mkubwa uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2023 katika jarida la The Lancet uliwachukua watu 492 wenye maumivu sugu ya mgongo yanayowazuia kufanya mambo yao. Kundi moja waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Makundi mawili yalipata tiba ya aina hii: kuelewa maumivu, kujifunza upya miondoko wanayoiogopa, kurudi kwenye maisha. Kundi moja kati ya hayo mawili liliongezewa vihisio vya kupima mwendo mwilini. Baada ya mwaka mzima, makundi yote mawili ya tiba yalikuwa na nafuu kubwa kuliko wale wengine. Na vile vihisio? Havikuongeza kitu cha maana.

Kwa hiyo kifaa si mganga. Mganga ni yule anayekaa na wewe, anakuuliza unataka kubeba nini, na anakurudisha huko hatua kwa hatua.

Mimi hatua zangu zilikuwa za aibu kidogo. Wiki ya kwanza: kukaa kwenye kiti, kutoa pumzi, kuinama mpaka vidole viguse sakafu, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Wiki ya tatu: ndoo tupu. Kisha ndoo yenye lita tatu. Kisha tano. Mazoezi ya nyonga nikiwa nimelala ubavu. Kutembea dakika ishirini baada ya kazi, mikono ibembee. Mkoba nikaugawa, nusu ya vitu vikabaki ofisini. Baba watoto akawa msimamizi, anahesabu kwa sauti kama kocha wa mchangani. Jamani, tulicheka. Tulikuwa hatujacheka pamoja kwa muda mrefu.

SAFARI YA NYUMBANI

Desemba tukafunga safari kwenda kwetu Ikinga, wilayani Ileje. Zamani tulikuwa tukisema kwetu ni Mbeya, siku hizi tunasema Songwe, kwani mkoa ulizaliwa mwaka 2016. Basi la Tunduma unashuka Mpemba, kabla hujafika mpakani kwenye foleni za malori, unashika barabara ya Isongole, halafu unaanza kupanda milima. Mvua zilikuwa zimeshashika. Ukungu, migomba, utelezi.

Nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha Mama maajabu yangu: nainama, nabeba ndoo, nambeba na mjukuu. Lakini jioni ya siku ya pili nilikuwa nimekaa barazani nikamwona anarudi kutoka shamba la juu, mkungu wa ndizi kichwani, ngata ya kitenge imekaa sawia. Na kwa mara ya kwanza maishani nikamtazama mama yangu anavyotembea.

Pale juu kwenye tambarare alikuwa anateleza kama mtumbwi. Kichwa hakipandi hakishuki, shingo imetulia, nyonga zinafanya kazi chini kimyakimya. Nikakumbuka niliyoyasoma. Mwaka 1986 watafiti, akiwamo Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliandika katika jarida la Nature kuhusu wanawake wa Kenya, Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kipajini. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Mwaka 1995 ukafuata utafiti mwingine ukaeleza siri yake: wanawake wale wanapobeba, mwili unabembea kama timazi la saa kwa ufanisi zaidi, na nguvu ya hatua moja inahifadhiwa kwa ajili ya hatua ifuatayo.

Lakini tusijidanganye kwamba kichwa cha mama zetu ni cha chuma. Watafiti walipowapima wanawake wa Afrika Kusini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, hawakuona kwamba kubeba kichwani kwa jumla ni nafuu kuliko kubeba mgongoni. Ni ujuzi wa mtu, na una gharama yake.

Gharama ya Mama niliiona alipoanza kuteremka. Ule mteremko wa mwisho wa kuja nyumbani ni mkali. Alisimama. Akageuka ubavu. Akatanguliza mguu wa kulia ukiwa umenyooka kama gogo, akausubiri wa kushoto, akatanguliza tena. Fimbo hakuwa nayo. Uso wake ulikuwa uleule nilioona kwenye video yangu: meno yameumana, pumzi imezuiwa.

Goti hilo alikuwa ananiambia kwa simu kwa miaka mitatu. Na mimi, binti yake msomi, mhariri wa kurasa za afya, nilikuwa namjibu nini? "Ni uzee huo Mama, pumzika." Halafu namtumia pesa ya dawa ya kuchua. Mume wangu alinikosea kwa miaka miwili nikanuna. Mimi nilimkosea mama yangu miaka mitatu, tena kwa upendo.

"UNANIPIGA PICHA, MIMI BIBI HARUSI?"

Kesho yake nikamwomba nimrekodi. Akacheka sana. "Unanipiga picha ya nini mwanangu, mimi bibi harusi?" Akajifunga kitenge kipya kwanza. Majirani wakaja, watoto wakajaa, ikawa sinema.

Tulimrekodi akitembea tambarare, akiinuka kwenye kigoda, akipanda na kushuka ule mteremko mikono mitupu, halafu na debe nusu kichwani. Nilipomwonyesha, alicheka mpaka kwenye ile sehemu ya kushuka. Hapo akanyamaza. Akasogeza simu karibu na macho.

"Huyu mama anachechemea," akasema.

Ndipo akasema yale ambayo kwenye simu hakuwahi kuyasema. Kwamba aliacha kwenda kikundi cha akina mama kwa sababu ya mteremko wa kurudi. Kwamba shamba la juu, lile alilolima na marehemu baba, ameshamwambia jirani alichukue msimu ujao. "Sikutaka mjue. Mngesema nije Dar nikae kwenye kochi."

Na ni kweli, ndicho ambacho ningesema.

Mtandao ulipokubali, nikamtumia yule mtaalamu video zote. Akajibu kwanza kwamba hatibu goti kwa simu, nimpeleke hospitali lishikwe na mtu. Tukampeleka. Wakapima, wakasema goti limeanza kusagika, halina uvimbe wa hatari, na halihitaji kisu. Mazoezi kwanza. Niliporudi kwa kijana wangu na majibu hayo ndipo akaniandikia maelezo marefu juu ya video.

Alisema watafiti wa Berlin waliwahi kuweka vipimo ndani ya magoti ya bandia ya wagonjwa na kupima moja kwa moja. Ukitembea kawaida, goti hubeba takriban mara mbili na nusu ya uzito wako. Ukishuka ngazi, karibu mara tatu na nusu. Sasa ongeza mkungu wa ndizi, ongeza utelezi wa Desemba. Mama hakuwa na goti bovu tu. Alikuwa na goti linaloombwa kazi kubwa kuliko nguvu za paja lake, na kwa kuwa linauma, paja halitumiki, linazidi kudhoofu.

Ushauri ulikuwa hivi. Mzigo ugawanywe safari mbili, hasa wa kuteremka. Ashuke kwa kupinda kushoto na kulia, hatua fupi, goti likunjike kidogo badala ya kunyooshwa kama gogo. Fimbo aishike mkono wa kushoto, yaani upande wa pili na goti linalouma, maana ndivyo inavyopunguza mzigo. Hapa wengi tunakosea, tunashika fimbo upande ule ule wa maumivu. Na mazoezi: kuinuka kwenye kiti na kukaa polepole, mara nane, apumzike, arudie, siku nne kwa wiki. Kuuma kidogo si kosa, ilimradi kesho yake goti lisiwe baya kuliko jana.

Fimbo aliikataa katakata. Fimbo ni ya wazee! Mume wangu, mtu wa benki asiyejua hata kushika panga vizuri, akaenda nyuma ya nyumba akatafuta mpini wa jembe wa zamani, akaukata kimo cha kiuno cha Mama. Mama akaupima mkononi. "Huu sawa. Mtu akiuliza, natoka shamba."

Usiku ule sisi wawili tulikaa barazani, mvua inanyesha juu ya bati. Akaniambia anajisikia vibaya kwamba ilibidi simu ndiyo imwonyeshe mke wake. Nikamwambia tupo wawili.

KABLA HUJASHIKA SIMU

Najua sasa hivi kuna msomaji ameshamwita mwenzi wake koridoni. Subiri kidogo. Maumivu ya kiuno yanawapata watu wengi mno. Makadirio ya mwaka 2020 yanasema watu milioni 619 duniani. Mengi hayatokani na jambo la hatari. Lakini nenda hospitali haraka, wala usianze na video, ikiwa:

- umeshindwa kuzuia au kutoa haja ndogo au kubwa, au umekufa ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja;
- mguu unaishiwa nguvu na unazidi;
- kuna homa, au unakonda bila sababu;
- umeanguka au kupata ajali, au umewahi kuugua saratani;
- maumivu hayapungui hata umelala na usiku yanakuamsha.

Kama hakuna hayo, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia, na haya yatawasaidia nyote:

Rekodi kitendo kinachouma chenyewe. Kama unaumia ukimwogesha mtoto, rekodi ukimwogesha mtoto. Korido peke yake halitoshi.

Simu ikae imara, kimo cha kiuno, mwili mzima uonekane. Nyuma na ubavuni. Miguu peku.

Usijitibu kwa kujilinganisha na wanamitindo. Hakuna mkao mmoja sahihi kwa watu wote. Mwili unapenda kubadilishabadilisha.

Mwenzi wako awepo. Si kwa ajili ya kukukosoa. Awepo aone.

Na mtaalamu akikuambia "usiiname maisha yako yote" bila kukupa njia ya kurudi, muulize: nitarudi lini, na kwa hatua gani? Una haki ya jibu.

PASAKA

Sikupona kama kwenye matangazo. Zipo siku, hasa wiki ya kufunga gazeti, mgongo unanikumbusha. Tofauti ni kwamba siuogopi tena. Natoa pumzi, nainama, naendelea. Na chumbani tumejifunza kuulizana "hapa je?" badala ya kugeukiana migongo. Hayo mengine yabaki yetu.

Pasaka Mama alipiga simu mwenyewe, jambo ambalo halifanyi, maana vocha ni pesa. Alisema amerudi kwenye kikundi. Mpini anaufahamu kila mtu sasa, na mama mwingine mwenye goti ameomba akatiwe wa kwake.

"Na shamba la juu?" nikamuuliza.

"Nimelirudisha nusu. Nusu nimemwachia jirani, naye ana watoto."

Kisha akaomba kuongea na mkwewe, akamwambia mpini umeanza kulegea pale chini, akija tena aje na kipande cha mpira wa tairi auvalishe kiatu. Mume wangu akajibu, "Sawa Mama," akaandika kwenye simu yake, kwenye orodha ya mambo ya kazi: tairi, Ikinga, Juni.

Mimi nilikuwa nimesimama jikoni nawasikiliza, binti yetu kiunoni, upande wa kulia.